Mshona Bendera za Washairi

Shangazi yangu alipofariki, ofisi ilinipa siku tatu za msiba na kazi moja ya kufanya humo humo msibani: niandike mistari sita kumhusu, kwa ajili ya jarida la Tamasha la Washairi wa Mataifa. Mkurugenzi alisema iwe mifupi na yenye heshima. Nikaandika kwamba marehemu alikuwa fundi cherehani, kwamba alitushonea bendera kwa miaka kumi na saba, na kwamba alikuwa mpole na mnyenyekevu. La kwanza na la pili ni kweli. La tatu niliweka kwa sababu ilikuwa imebaki mistari miwili na sikuwa na neno lingine ambalo lingechapishika.

Mpole? Shangazi alikuwa mkali kuliko pilipili. Mteja akija na kitambaa cha ukubwa wa kiganja huku anataka gauni la marinda, Shangazi alimpima kimya, akamwangalia juu mpaka chini, halafu akamwuliza kama gauni ni la kwake au la mwanasesere. Wateja walinuna, wakaondoka, wakarudi, kwa sababu mshono wake ulikuwa haufumuki. Mimi alinichukua nikiwa na miaka mitano, baba yangu, ambaye ni kaka yake, alipokufa na mama akaolewa kwingine. Aliniita mwanangu. Akikasirika aliniita mtoto wa kaka, ili nikumbuke kwamba angeweza kunirudisha, ingawa sote wawili tulijua hapakuwa na pa kunirudisha.

Tulikaa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi nzito iliyounguza pembe za kila kitu, na ukutani violezo vya karatasi ngumu vikining'inia kwenye misumari. Nyota ya pembe tano, nyota ya pembe sita, mwezi mwembamba, mwezi mnene, jani, upanga, ndege wa kila namna. Shangazi hakuwahi kupanda ndege wala meli, lakini nchi za watu alizijua kwa ugumu wa kuzishona. Zenye mistari mitatu mitupu aliziita nchi za watu wenye akili. Zile zenye tai, na ngao, na maandishi chini ya ngao, alisema wenyewe lazima wawe na ugomvi nyumbani.

Tamasha letu ni la siku tatu kila mwaka, katika ukumbi wa manispaa. Wanakuja washairi na waandishi kutoka nchi ishirini, na tunawaenzi, neno hilo mkurugenzi analipenda sana, tunawaenzi. Utaratibu wetu ni mmoja na haubadiliki. Mshairi anasimama kando ya bendera ya nchi yake, anasoma kwanza kwa lugha yake mwenyewe, na watu mia nne wanakaa kimya wakisikiliza wasichokielewa, wengine wamefumba macho ili waonekane wanaelewa. Akimaliza, ndipo msomaji wa tafsiri anainuka. Msomaji wa tafsiri ni mimi. Sauti yangu ni nzuri, nasema bila haya, lakini kazi sikuipata kwa sauti. Shangazi ndiye aliyeniombea kwa mkurugenzi, siku alipopeleka bendera, akiwa bado ana pini mbili mdomoni.

Naye Shangazi alikuwa mtunzi. Alitunga kwa kilugha chetu, lugha ya watu wachache wa milimani, ambao mji mzima ukitukusanya tutaenea darasa moja na viti vitabaki. Kiswahili alikitumia kwa wateja na kwa ugomvi. Mashairi mengi yalikuwa ya kejeli: mwenye nyumba na kitambi chake, jirani na kidomodomo chake. Hayo aliyaimba akikanyaga cherehani, na uzi ukiisha na shairi limeisha. Moja tu ndilo aliloliandika kwenye daftari, na hilo hakuliimba.

Lilikuwa la mtoto wake. Kabla sijazaliwa, Shangazi alikuwa kibarua wa kufukuza ndege kwenye shamba la mpunga la mtu. Alikuwa na binti wa miezi minne, akawa anamlaza kivulini pembezoni mwa shamba, chini ya dungu, lile jukwaa la miti ambalo mlinzi wa ndege husimama juu yake. Siku hiyo mtoto aliamka na homa. Adhuhuri akaanza kukakamaa. Shangazi akaomba ruhusa ampeleke zahanati, na mwenye shamba akamjibu kwamba ndege hawaumwi homa, asubiri jua lizame. Jua lilipozama hapakuwa na wa kupelekwa. Mumewe akasema mwanamke aliyeshindwa kulinda mtoto mmoja kivulini hatamlindia nyumba, akafunga virago. Mtoto alizikwa pale pale pembezoni, na miaka miwili baadaye shamba likapanuliwa, trekta likapita juu.

Katikati ya shairi hilo kuna sauti ya kufukuza ndege, ukelele mrefu unaopanda, unapanda, halafu unakatika ghafla. Na mwishoni kuna jina la mtoto, mara tatu. Shangazi hakulitaja jina hilo popote pengine, wala nami sitalitaja hapa. Nilipokuwa msichana nilimwuliza kwa nini asilitupe daftari lile lililomkondesha. Akaniambia, "Hilo ndilo kaburi lake. Na kaburi lisilopitiwa na watu ni shimo tu." Hiyo ndiyo haja pekee niliyomjua nayo maishani: shairi hilo lisomwe mbele ya watu, na watu wajue ni yeye mama.

Tamasha lina nafasi moja ya mshairi mwenyeji. Kila mwaka Shangazi alilinakili shairi kwa mwandiko wake mnene, akalipeleka ofisini kwa mkono wake. Kila mwaka mkurugenzi alimpokea vizuri. Huyu ni mtu mtanashati, anayekumbuka majina ya watoto wa kila mtu, na akikuumiza anakuwa amekushika bega. Alimweleza kwamba nafasi ni ya Kiswahili, na kwamba lugha isiyo na kamusi haina washairi, ina waimbaji. Akamshauri alitafsiri. Shangazi akamwuliza kama na wale wageni wake ishirini huwa anawaambia wajitafsiri kwanza ndipo awakatie tiketi. Mkurugenzi akacheka sana, akasema, mama, una maneno wewe.

Mwaka wa kumi na mbili, orodha ya bendera za kushona ilipofika nyumbani, ilikuwa imeandikwa nyuma ya karatasi yenye mwandiko mnene. Shangazi akaisoma orodha, akaigeuza, akakuta shairi lake. Alishona bendera zote ishirini kama zilivyoorodheshwa, na karatasi akairudisha juu ya furushi, upande wa shairi ukitazama juu. Mkurugenzi hakutambua kitu. Mimi nilitambua, na nikawasimulia wenzangu ofisini kama kichekesho, jinsi mama wa watu anavyopeleka kaburi na kurudishiwa orodha. Walicheka, na mimi nikacheka zaidi yao. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni, na yeye akicheka, mimi nilikuwa nikijiona nimepanda cheo.

Mwaka wa kumi na sita ndio mwaka wenyewe. Mfadhili mkuu alikuja kwa miguu yake, mzee mwenye nywele nyeupe na hesabu kali: mkataba wake ulisema nchi ishirini, washairi ishirini, na asipoona ishirini jukwaani hatasaini tena. Saa sita mchana, zikiwa zimebaki saa tatu kabla ya ufunguzi, tukapata habari kwamba mshairi wa ishirini amezuiwa kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine kwa sababu ya viza. Alikuwa bibi mmoja kutoka nchi ya visiwa, upande wa pili wa dunia, ambako kila kisiwa kina lugha yake na chake yeye kilikuwa na watu mia chache. Picha yake kwenye kitabu cha ratiba ilikuwa na ukungu: mwanamke mweusi, mtu mzima, kitambaa kichwani. Hakupenda kupigwa picha, wala hakuwahi kurekodiwa.

Shangazi alikuwa jukwaani, amepiga magoti, anapunguza pindo la bendera ya visiwa hivyo hivyo, maana ilikuwa inaburuza. Mkurugenzi akamtazama. Akaitazama picha. Akamtazama tena, na mimi niliyekuwa kando yake na mafaili nikaona wazo likimwingia usoni kama mtu aliyeokota pochi.

"Mama Bendera," akasema, "wewe si una shairi?"

Shangazi akatoa pini mdomoni. "Ninalo. Nitasoma kwa jina langu?"

"Utasoma, mama yangu. Miaka yote hii unataka kusoma. Leo utasoma."

Shangazi hakuwa mjinga. Swali lake halikujibiwa na alilijua hilo. Aliponigeukia, nilimwambia kwa kilugha chetu asikatae. Asubuhi ile mkurugenzi alikuwa amenionyesha barua yangu ya ajira ya kudumu, imechapwa, imepigwa mhuri, haina saini, akairudisha kwenye droo. Nikamweleza Shangazi habari za droo. Akamalizia pindo kwanza, akakata uzi kwa meno, ndipo akauliza wanataka avae nini.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Wangekuja siku ile ukumbini wangejifunza. Lilitajwa jina la bibi wa visiwani, watu wakapiga makofi, na Shangazi akatoka nyuma ya pazia alilolishona mwenyewe, amefungwa kitambaa kichwani, akasimama kando ya bendera. Hakushika daftari. Alisoma taratibu, bila kupamba, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Ulipofika ukelele wa ndege, aliutoa wote. Mwanamke wa mstari wa mbele alijishika kifua. Ulipokatika, ukumbi mzima ukakatika nao, hata feni tuliisikia. Kisha akalitaja jina, mara tatu, kila mara chini zaidi.

Nikainuka nikasoma tafsiri. Nilielewa kila neno alilosema, mimi peke yangu kati ya watu mia nne, na nikasoma juu ya nyavu na chumvi na bahari inayosahau, kwa sababu ndiyo karatasi niliyokuwa nayo. Lilikuwa shairi zuri la mama wa watu aliyekuwa wakati huo amelala kwenye benchi la uwanja wa ndege. Sauti yangu haikutetemeka. Watu walisimama wakapiga makofi hadi wakachoka, na mfadhili akapanda jukwaani akambusu Shangazi mikono. Shangazi alikuwa ameonywa asitoe neno la Kiswahili. Mteja aliyekuwa akija kwake kwa miaka tisa, ambaye alimshonea hata gauni la arusi ya bintiye, alimpa mkono akamwambia pole pole na kwa sauti ya juu, kama watu wanavyozungumza na wageni, kwamba amemliza. Hakumtambua. Shangazi akainamisha kichwa kwa adabu, mwanamke ambaye hakuwahi kuinamisha kichwa hata kwa mwenye nyumba.

Kinachonichoma ni kwamba alirudi nyumbani na furaha. Alitembea mbele yangu, kitambaa amekivua, anakipunga. Nikamwambia hawakujua kwamba ni jina. Akasema masikio yao yamelisikia hata hivyo, haya mengine mwakani. Wiki hiyo barua yangu ikasainiwa.

Miezi minne baadaye bibi wa visiwani akafariki kwao. Hapo ndipo mambo yalipogeuka shubiri, maana sisi tulikuwa tumerekodi. Mkurugenzi alitangaza kwamba tamasha letu ndilo pekee duniani lenye sauti ya marehemu. Radio zikaucheza ule ukelele kila kipindi cha fasihi kilipoanza. Mwakilishi wa nchi ile alikuja na ngao ya shaba. Alizaliwa mji mkuu, hakuwahi kufika kisiwa cha marehemu, hakuelewa neno hata moja, na alilia machozi ya kweli. Nilimpa karatasi ya kujifutia. Mkurugenzi aliniambia pembeni kwamba sasa hii si siri ya ofisi tena, ni heshima ya maiti, na mtu anayeifukua atakuwa anafukua mawili, maiti na ajira yake.

Kikatengenezwa kitabu cha kumbukumbu. Nikapewa kazi ya kuyaandika maneno ya kwenye kanda kama yanavyosikika, kwa kuwa, alisema mkurugenzi, nina sikio. Niliyaandika kwa nusu saa. Mhariri akataka tanbihi kwa lile neno la mwisho linalorudiwa mara tatu, wasomaji wangependa kujua maana yake. Nilikuwa nakunywa chai. Ningeweza kusema haijulikani. Nikaandika kwamba, katika lugha ya mshairi, neno hilo ni mapambazuko. Lilionekana zuri pale chini ya ukurasa, na mhariri akanisifu.

Nyumbani sikusema. Kitabu sikukileta. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako; Shangazi alizishona nguo zake mwenyewe na mimi nilikuwa kwenye pindo. Radio yetu ilikuwa mbovu na sikuipeleka kwa fundi.

Mwaka wa kumi na saba mfadhili, ambaye bado alikuwa anaota ule ukelele, aliamuru nafasi ya mwenyeji ifunguliwe kwa lugha zote za mama. Mwombaji atasoma mbele ya waamuzi watatu, atawaeleza maana yake kwa Kiswahili. Shangazi alilisikia hilo sokoni, kabla sijapata namna ya kumficha. Akajishonea gauni la kola, la buluu, kitambaa alichokuwa amekiweka tangu enzi. Nilimwambia apeleke lile la mwenye nyumba na kitambi, waamuzi watacheka. Nikamwambia mwaka huu si mzuri. Nikamwambia magoti yake yanamsumbua, ukumbi una ngazi.

Akasimamisha cherehani. "Mwaka jana mwanangu alipita kwa jina la mtu mwingine," akasema. "Nilikubali kwa ajili yako. Mwaka huu nataka wajue ana mama. Una nini wewe?"

Nikasema sina kitu.

Waamuzi walikaa kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Wa katikati alikuwa mhadhiri mstaafu, mwanamke mwenye miwani ya mnyororo, msomi wa kweli na mtu mwenye haki kwa kadiri ya anachokijua. Mkurugenzi alikaa dirishani. Mimi nilikuwa pembeni naandika kumbukumbu za kikao. Shangazi alisema jina lake na kazi yake, akasema shairi ni la mtoto wake aliyemzika, akaanza.

Alipofika kwenye ukelele, mhadhiri akainua mkono. Akachukua simu yake, akabonyeza, na sauti ya Shangazi ikatoka humo, ukelele ule ule, ukipanda na kukatika.

"Mama," akasema mhadhiri, "huyu ni marehemu."

"Huyo ni mimi," Shangazi akasema.

Mwamuzi wa kushoto alicheka, akajizuia. Mkurugenzi akainuka dirishani, akaja akamshika Shangazi bega. Akawaeleza waamuzi kwa upole kwamba mama huyu ametushonea miaka kumi na saba, amesikia mengi akiwa nyuma ya mapazia, na umri nao ni umri. Mtu husikia kitu kizuri kikamkaa hadi akakiona chake. Akaomba asiaibishwe. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akautoa ule mkono begani kwake kwa vidole viwili, kama unavyotoa uzi kwenye nguo.

Mhadhiri hakuridhika na huruma. Alitaka ushahidi, na hilo namheshimu nalo. Akafungua kitabu cha kumbukumbu kwenye ukurasa wenyewe. Akamwuliza Shangazi: kama shairi ni lake, neno la mwisho, lile la mara tatu, maana yake nini?

"Halina maana," Shangazi akasema. "Ni jina. Ni la mwanangu."

Mhadhiri akasoma tanbihi kwa sauti, kituo kwa kituo, ile ya mapambazuko. Aliisoma vizuri. Shangazi akawa ananyoosha shingo kutazama kitabu kile, kwa umakini ule ule wa kukagua mshono wa fundi mwingine. Akauliza ni nani aliyeandika hivyo. Nafikiri alikuwa bado hajang'amua. Nafikiri alikuwa anafikiria mtu wa mbali, mzungu fulani, msomi fulani, mtu wa kumtukana.

"Binti yako," mkurugenzi akasema. "Ndiye mtaalamu wetu."

Mhadhiri akanigeukia. Akasema kwamba mimi nilikuwepo jukwaani siku ile, niliandika maneno haya kwa mkono wangu, na huyu ni shangazi yangu, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nina chuki naye. Basi niseme, na neno langu litamaliza mambo. Akauliza hivi, "Ni jina au ni mapambazuko?"

Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa muda mrefu. Mtu aliyenyamaza anaweza kuhurumiwa. Sikunyamaza. Nilikuwa na jibu mdomoni kama msomaji mwenye karatasi yake.

"Ni mapambazuko," nikasema.

Hakuna aliyemwangalia Shangazi isipokuwa mimi, na niliangalia kola, sikuangalia uso. Mkurugenzi akasogeza mbele ya Shangazi karatasi iliyokuwa imekwisha kuchapwa, ya kuiomba radhi familia ya marehemu, ili jambo hili liishie humu ndani na lisidhuru, alisema, ajira ya mtu yeyote. Akageuza macho kidogo upande wangu alipofika hapo, ili Shangazi asikose.

Shangazi hakukosa. Aliivuta karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, na kidole. Mhadhiri, ambaye nadhani alianza kuingiwa na shaka, akamwambia kwamba halazimiki, kwamba kama bado anasema ni jina wataliandika dai lake na kuita watu wa kilugha chake waje wasikilize kanda. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Ilitosha Shangazi aseme ndiyo, na mimi ningekuwa nje na mafaili yangu kabla ya saa kumi.

"Haya," akasema. "Mwanangu amesoma, mimi sikusoma. Kama amesema ni mapambazuko, basi ni mapambazuko."

Akaomba kalamu.